Ufa Usioonekana

Sina shaka, msomaji, kuwa umekwisha kuisikia mara nyingi methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali njema, lakini inachukulia jambo moja ambalo aghalabu halitajwi, nalo ni kuwa ufa waonekana. Mwenye nyumba apita, autazama ukuta wake, aona mstari mweusi juu ya udongo. Asipokoroga udongo akauziba, lawama ni yake. Je, ikiwa ukuta ni mzima kwa macho, umepakwa chokaa ukapendeza, na huku fito za ndani zaliwa na mchwa? Hapo ni nani wa kulaumiwa? Na akija mtu mwenye nyundo, akakuambia, "Niruhusu niugonge ukuta wako, pengine umeoza," nawe hukumwita, wala huna fito nyingine, wala fedha ya kuzinunulia, je, mtu huyo amekufanyia hisani au amekuongezea usiku wa kukesha? Swali hilo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja.

Nyumba niisemayo ni mwili wa mwanamke aliyefikia umri wa kukoma hedhi, yaani, kwa walio wengi, kati ya miaka 45 na 55. Fito ni mifupa yake. Mwenye nyundo ni daktari, au tuseme elimu ya udaktari ya zama zetu, ambayo haingoji tena mgonjwa aje akilia, bali huwaendea wazima na kuwaita waje wapimwe. Nimechagua mfano wa mifupa, wala si wa moyo au wa macho, kwa sababu katika mifupa swali hili lina makali zaidi, na kwa sababu kusini mwa pwani yetu ya Kenya, toka Likoni hadi Vanga, kila mmoja wetu anaye mama, bibi au shangazi ambaye jambo hili lamhusu.

Yafaa kwanza tuujue mfupa wenyewe. Wengi hudhani kuwa mfupa ni kitu kilichokufa, mfano wa jiwe la matumbawe au gogo la mkoko. Sivyo. Mfupa una uhai. Ndani yake mna makundi mawili ya wafanyakazi wadogo wasioonekana kwa macho: kundi moja hubomoa mfupa uliochakaa, na kundi la pili hujenga mpya mahali pale pale. Utotoni na ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji. Karibu na umri wa miaka 30 mfupa huwa umefikia upeo wa uzito wake, kisha huanza kupungua polepole, kwa wanaume na kwa wanawake. Lakini mwanamke ana jambo la ziada. Mwilini mwake mna homoni iitwayo estrojeni, ambayo pamoja na kazi zake nyingine huwazuia wabomoaji wasipite kiasi. Hedhi ikomapo, homoni hiyo hupungua sana, na wabomoaji huwa kama vibarua walioondokewa na msimamizi: hubomoa kwa haraka kuliko wajenzi wawezavyo kujenga. Uhusiano huo ulielezwa waziwazi mwaka 1941 na daktari wa Marekani, Fuller Albright, pamoja na wenzake. Mfupa ulioliwa hivyo hubaki na umbo lake la nje, lakini ndani huwa na vitundu vingi vilivyopanuka, mfano wa sega la nyuki lililokauka. Madaktari huuita ugonjwa huo osteoporosisi. Mimi hapa nitauita ugonjwa wa mifupa myepesi.

Liko jambo moja zaidi la kukumbuka, kwa maana tutalirudia. Mfupa hujengwa na kazi. Watu wanaosafiri katika anga za juu, ambako miili yao haina uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, ijapokuwa ni watu wazima wenye afya waliochaguliwa miongoni mwa maelfu. Mfupa usiobebeshwa kitu hujiona hauna haja ya kuwapo. Mwanamke wa Kinango apandaye kilima toka bwawani, au yule wa Kibuyuni aliyeinama baharini akifunga mwani kambani, anaijenga mifupa yake bila ya kujua, na bila ya kushukuriwa.

Sasa tutazame madhara. Ugonjwa huu hauna homa, hauna kikohozi, hauna kipele. Mwanamke hulala mzima, huamka mzima, mpaka siku moja akateleza penye sakafu yenye maji, akaweka mkono chini kujizuia, na kifundo cha mkono kikavunjika. Mtu wa miaka 20 angeteleza hivyo hivyo akainuka akicheka. Hiyo aghalabu ndiyo habari ya kwanza. Mahali pa pili ni pingili za uti wa mgongo, ambazo hubonyea moja baada ya moja, pengine pasipo kuanguka, mtu akiinua ndoo tu. Mgongo hujipinda, kimo hupungua, na watu husema, "Bibi amezeeka," kana kwamba uzee wenyewe ndio uliomkunja. Mahali pa tatu, pabaya kupita pote, ni nyonga. Katika nchi zilizofanya hesabu kwa muda mrefu, katika kila wazee watano wavunjikao nyonga, mmoja au zaidi hufariki kabla ya mwaka kwisha, na wengi wa waliosalia hawarudii mwendo wao wa zamani. Fikiri basi maana ya jambo hilo katika nyumba ya Msambweni au ya Lunga Lunga, ambamo bibi ndiye alindaye watoto mama yao akiwa kazini hotelini Diani, na ndiye ajuaye shamba lianzie wapi na liishie wapi. Nyonga moja ikivunjika, wavunjikao ni watu sita.

Ukiisoma habari hiyo, moyo hukimbilia kusema, "Basi wapimwe wote!" Nami nakusihi usikimbie. Haraka hiyo ndiyo niliyokusudia kuichunguza.

Chombo cha kupimia kipo. Ni mashine ambayo hupitisha miali miwili hafifu ya eksirei mwilini na kuhesabu ni kiasi gani kilichozuiwa na mfupa. Haichomi wala haiumizi; mtu hulala juu ya meza kwa dakika chache. Mwaka 1994 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilichora mstari: mwanamke ambaye mfupa wake umepungua kwa kipimo cha 2.5 au zaidi chini ya wastani wa mwanamke kijana, huyo ana ugonjwa. Lakini, msomaji, ni mwanamke kijana gani huyo? Uulizapo utaambiwa kuwa ni mwanamke mweupe wa Marekani, mwenye miaka kati ya 20 na 29. Kwa hiyo mama wa Kidigo au wa Kiduruma apandapo juu ya meza hiyo, hupimwa kwa kulinganishwa na binti ambaye hajapata kumwona, aliyelelewa kwa chakula kingine na jua jingine. Sisemi kuwa kipimo hicho ni cha uongo. Kipimo chochote chahitaji mahali pa kuanzia, na wataalamu wana sababu zao za kutumia kimoja kwa walimwengu wote. Lakini ni vema ajuaye namba ajue pia ilikotoka.

Wala si jambo la mzaha. Katika kijiji cha Keneba, nchini Gambia, wachunguzi kutoka Uingereza wamekaa miaka mingi wakiwatazama wanawake wakulima. Waliona kuwa wanawake hao hula madini ya kalsiamu kidogo sana kuliko yale yanayoshauriwa Ulaya, na mifupa yao ikipimwa si mizito kuliko ya Waingereza. Hata hivyo mivunjiko ya uzeeni ilikuwa adimu kwao. Namba ilisema jambo moja, na maisha yalisema jingine. Ama ni kazi zao na mwendo wao, ama ni umbo la nyonga zao; na yafaa pia tukumbuke kuwa bibi aliyevunjika nyonga akalala kitandani kwake mpaka mauti, asifike hospitali, haandikwi katika daftari lolote. Ugonjwa usiohesabiwa hufanana sana na ugonjwa usiokuwapo.

Hapo pana mtego, na wengi wamenaswa. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa Waafrika hawana ugonjwa huu, basi hapana haja ya kuutafuta. Na kwa kuwa haukutafutwa, haukuonekana. Na kwa kuwa haukuonekana, ilithibitika kuwa haupo. Katika miaka ya karibuni uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na Botswana umeonyesha kuwa kuvunjika nyonga si jambo adimu kama ilivyodhaniwa. Kadhalika wanawake wetu wanaishi zaidi kuliko bibi zao walivyoishi, na miaka ile iliyoongezeka ndiyo hasa miaka ambayo mifupa huvunjika. Ufukweni Diani utaona jambo ambalo halihitaji mashine. Mgeni wa miaka 60 aliyetoka Ulaya atembea mchangani, naye amekwisha kupimwa nyumbani kwao, ajua hali ya mifupa yake, na dawa imo katika mkoba. Mita chache kutoka kwake mwanamke wa umri ule ule auza madafu, au akunja mashuka ya kitanda alicholalia mgeni huyo. Huyu wa pili hajapata kuulizwa. Wote wawili wana mifupa. Tukisema kuwa wa pili hana haja ya kupimwa, hatuna budi kujiuliza kama tumesema hivyo kwa kuwa tunajua, au kwa kuwa ni rahisi kusema.

Lakini haki si kumpa kila mtu kile alichopewa mwenzake. Ni kumpa kinachomfaa. Watu wa Kwale si wageni wa kupimwa wakiwa wazima. Kwa miongo mingi watoto wa shule katika sehemu za Msambweni wameombwa mkojo wao ili watazamwe kama wana kichocho. Na wakati wa kutafuta vijidudu vya matende, watu wazima walichomwa vidole usiku, kwa kuwa vijidudu hivyo hujitokeza katika damu watu wanapolala. Hebu fikiri: watu wagonga mlango wako usiku, wataka damu, nawe huumwi. Kwa nini wananchi walikubali? Naona sababu kubwa ni kuwa kulikuwa na kitu mkononi mwa mgonga mlango. Mtoto aliyeonekana ana kichocho alipewa vidonge, na mkojo ukaacha kuwa mwekundu. Ahadi ilitimizwa pale pale, mbele ya macho ya jirani.

Tumefika sasa kwenye kiini cha shauri, nami naomba tukae hapa kidogo. Pana tofauti kubwa kati ya mgonjwa amwendeaye daktari na daktari amwendeaye mzima. Mgonjwa aliyekuja mwenyewe na maumivu yake, daktari humtendea kwa kadiri awezavyo. Akishindwa, atasema, "Nimejaribu," na hakuna wa kumlaumu, kwa maana maumivu hayakuletwa na yeye. Lakini yule aliyekwenda kumwita mzima shambani kwake, akamwambia aache jembe aje apimwe, huyo ametoa ahadi hata kama hakutamka neno. Amesema, kwa kitendo chake, kuwa kujua kutakuwa bora kuliko kutojua. Akiwa hana namna ya kuifanya kauli hiyo iwe kweli, amemdanganya mtu aliyekuwa na raha yake. Deni la mwitaji ni kubwa kuliko deni la mwitwa, na ukubwa huo hautegemei wema wa nia yake.

Wazo hilo si langu peke yangu. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kilichoandikwa na Wilson wa Uingereza na Jungner wa Sweden, ambacho kiliweka masharti kumi ya kutimizwa kabla ya kuwapima watu wasioumwa. Sitayaorodhesha yote. Baadhi yake ni kuwa pawe na matibabu yanayokubalika kwa watakaoonekana na ugonjwa. Pawe na mahali pa kuyapata. Kipimo kiwe ni kitu ambacho watu wenyewe wanaridhia. Gharama ipimwe kwa mizani moja na mahitaji mengine ya tiba. Na kazi hiyo iwe ya kuendelea, si ya siku moja ikapita. Hilo la mwisho hulisahau wengi. Watu hupenda siku ya hema, ya fulana na ya kupigwa picha, na kesho yake hema hukunjwa. Yule mama aliyepewa karatasi yenye namba hubaki nayo chini ya mkeka.

Tuyapime masharti hayo kwa hali ya pwani ya kusini. Matibabu yapo: vipo vidonge vinywewavyo mara moja kwa juma, tumbo likiwa tupu, na mtu hukaa wima nusu saa bila kulala, ambavyo huwapunguzia wabomoaji nguvu, wala dawa yenyewe si ghali mno siku hizi. Mahali pa kupimiwa ndipo penye shida. Mashine hizo ni chache nchini, na zilizopo ziko katika miji mikubwa. Mwanamke wa Vanga atasafiri, atavuka Likoni kwa kivuko au atazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, atalipa, atarudi usiku. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na mzigo wa neno "kinachoweza" uko juu ya serikali ya kaunti, ambayo pia yadaiwa chanjo, wakunga, na damu ya kumwongezea mzazi aliyemwaga damu nyingi. Sikuoni kuwa ni ukatili kusema kwamba mzazi huyo atangulie.

Kisha pana madhara ya namba yenyewe. Kati ya mfupa mzuri na mfupa mgonjwa wataalamu walichora pia eneo la katikati, kwa manufaa ya hesabu zao. Na eneo hilo laenea hata karibu nusu ya wanawake waliovuka miaka 50 waweza kuingizwa humo. Mstari uliochorwa kwa ajili ya vitabu ukawa jina la ugonjwa, na wauzaji wa dawa hawakuhuzunika. Kumbuka pia kuwa katika wanawake wavunjikao mifupa, walio wengi namba zao hazikuwa zimefikia mstari wa ugonjwa. Kwa hiyo mmoja hutishwa bure, na mwingine hutulizwa bure. Na hofu ina matokeo yake. Mwanamke aambiwaye kuwa mifupa yake ni kama kaki huenda akaacha kutembea, akaacha shamba, akakaa barazani asije akaanguka. Na mfupa, kama tulivyoona kwa wasafiri wa angani, hupungua kwa kukaa. Hapo maneno ya daktari yameulisha ugonjwa alioutaja.

Je, basi tuache? La. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza. Wanawake 12,483, wenye miaka kati ya 70 na 85, waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu mawili. Fungu moja liliulizwa kwanza maswali, kisha walioonekana kuwa katika hatari ndio waliopelekwa kwenye mashine. Fungu la pili liliachwa katika matibabu ya kawaida. Baada ya miaka mitano, jumla ya mivunjiko yote haikutofautiana sana. Lakini waliovunjika nyonga walikuwa 164 katika fungu la kwanza, na 218 katika la pili. Wanawake 54 si hesabu ndogo, hasa ukimjua mmoja wao. Angalia hata hivyo mambo mawili. Maswali yalitangulia mashine. Na waliopimwa walikuwa bibi wa miaka 70 na zaidi, si mama wa miaka 50. Hata Marekani, ambako mashine zimejaa, ushauri wa jopo la taifa ni kuwapima wanawake kuanzia miaka 65, na walio chini ya umri huo, waliokwisha kukoma hedhi, ikiwa wana sababu nyingine za hatari. Kumwita kila mwanamke mara hedhi yake ikomapo ni kugonga ukuta mapema mno.

Mimi, kama ningeulizwa tuanzie wapi katika Kwale, ningesema tuanzie kwa yule ambaye ufa wake umekwisha kuonekana. Kila mwanamke wa miaka 50 au zaidi afikaye hospitali ya Msambweni na mkono uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, asifungwe plasta akaaga tu. Aulizwe: je, mama yake alivunjika nyonga? Je, ametumia kwa muda mrefu dawa kali za pumu au za baridi yabisi, zile ambazo hula mfupa? Je, hedhi ilikoma mapema kabla ya miaka 45? Je, kimo chake kimepungua? Mgonjwa huyo hakuitwa. Amekuja mwenyewe na mfupa wake umezungumza. Kumpuuza yeye, na huku tukipanga hema la kuwapima wazima, ni kuyafumbia macho yaliyo wazi kwa tamaa ya kuyaona yaliyofichika. Na kwa yule asiyevunjika, maswali machache na futi ya fundi cherehani vyaweza kufanya kazi nyingi kabla ya mashine. Wahudumu wa afya ya jamii wapitao nyumba kwa nyumba tayari hupima shinikizo la damu. Kupima kimo hakuhitaji umeme. Iko taabu ya umri, kwani wako bibi ambao cheti chao cha kuzaliwa ni kumbukumbu ya njaa au ya mvua fulani, lakini mwenye subira atakadiria.

Tena pana ukimya ambao ni desturi yetu. Pwani binti anapoanza hedhi hupewa somo, mtu mzima wa kumfunza. Hufundishwa usafi, heshima na siri za utu uzima. Mwanzo una mwalimu. Mwisho hauna. Mwanamke wa miaka 50 anaposhikwa na joto la ghafula usiku, na viungo vikauma, na usingizi ukapotea, hana wa kumwendea. Wenzake humcheka kidogo, naye hujicheka zaidi. Sidhani kuwa upimaji wowote utafaulu mahali ambapo jambo lenyewe halitajiki. Laiti wangekuwapo masomo wa kukoma kwa hedhi kama walivyo wa kuanza kwake, nusu ya kazi ya daktari ingekuwa imefanyika, nao wangeweza kusema maneno ambayo daktari kijana hathubutu kumwambia mtu wa umri wa mama yake.

Nawe kijana, usidhani kuwa nimekusahau. Miaka uliyo nayo sasa ndiyo miaka ya wajenzi. Sehemu kubwa ya mfupa utakaokubeba uzeeni yawekwa kabla hujamaliza shule: kwa dagaa waliwao na miiba yao, kwa maziwa ya Kinango, kwa mboga za majani, kwa jua ambalo hapa haliuzwi, na kwa kukimbia. (Binti ashindaye ndani, au asiyepigwa na jua mwilini anapotoka, atafute hata ua wa nyumbani kwao, kwani vitamini ya jua haipenyi kitambaa.) Lakini iko kazi nyingine, nayo yawahusu wavulana zaidi. Mwanamke ambaye pingili zake zimeanza kubonyea huambiwa asiinue vitu vizito. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ushauri huo, katika nyumba ambayo hakuna mwingine wa kuteka maji, ni maneno matupu. Daktari ameyasema, mama ameyasikia, na asubuhi amejitwika ndoo. Kujua kwake hakukumfaa kitu, si kwa kukosa dawa, bali kwa kuwa wana wake wanne waliona haya kuonekana kisimani. Niliposema kuwa mwitaji ana deni, sikumkusudia daktari peke yake.

Limesalia swali moja, nalo ni zito. Ikiwa mwanamke asema, "Sitaki kujua," je, tumlazimishe kwa manufaa yake? Wako wasemao kuwa huo ni ujinga wa kuondolewa. Mimi sioni hivyo. Yawezekana amekwisha kupima mambo ambayo sisi hatuyaoni: fedha ya safari aliyoitenga kwa ada ya mjukuu, au hofu ya kumzidishia mzigo binti yake, au basi tu kuwa yeye ni mtu apendaye kuzipokea siku zake zijavyo. Ugonjwa huu hauambukizi. Kutojua kwake hakumdhuru jirani, kama ambavyo kutojua kifua kikuu kungemdhuru. Lakini ni lazima aulizwe mapema. Mtu aulizwe kama ataka habari kabla ya kulala juu ya meza ya mashine, na aelezwe ni nini kitakachofuata habari ikiwa mbaya: ni dawa gani, ya bei gani, wapi, na nani atamsindikiza. Akisha kushuka, hata kimya cha daktari kitakuwa jibu. Na akikataa, aagwe kwa heshima ile ile aliyokaribishwa nayo. Na siku akirudi na mkono uliovunjika apokewe, afungwe, aulizwe tena, wala asikumbushwe kwamba aliambiwa.